Mazoezi ya Pumzi Kabla ya Kupasuliwa Nyonga

Mungu akipenda, mwezi ujao nitawekewa nyonga ya bandia hapa Johannesburg, na wiki hizi ninachozoeza zaidi si mguu bali ni pumzi. Jamaa zangu walioko Maskati wananiuliza: mfupa na mapafu wapi na wapi?

Jawabu ni hili. Dawa ya usingizi, maumivu na kulala chali humfanya mgonjwa avute pumzi fupi fupi. Sehemu za chini za mapafu hazijai hewa, makohozi yanatuama, na kwa sisi wazee hapo ndipo nimonia inapoingia. Mtu hutoka salama chumba cha upasuaji, kisha akaangushwa na kifua. Msuli mkuu wa kuvuta pumzi, kiwambo, uko chini ya mapafu, nao hupata nguvu kwa kazi kama msuli wa mkono.

Nina kifaa kidogo cha mdomoni chenye vali inayobana hewa. Navuta kwa nguvu, natoa polepole, dakika 15 asubuhi na 15 jioni, katika bustani ya Joubert Park, karibu na wacheza sataranji. (Mji huu uko mita 1,750 hivi juu ya bahari, mtu wa pwani hutweta hata akiwa mzima.)

Nisiwadanganye: ushahidi ulio imara ni wa upasuaji wa moyo na tumbo, wa mifupa bado mchache. Na aliyevunjika nyonga asingojeshwe kwa ajili ya mazoezi, apasuliwe upesi. Huyo aketishwe mapema, avute pumzi ndefu mara 10 kila saa akiwa macho. Kizunguzungu kikija, apumzike. Mwenye pumu amwulize daktari kwanza.