Kovu la Moto Lisimharibu Mtoto

Tangu zamani Abagusii wamekuwa na waganga waitwao ababari. Kazi yao ilikuwa kupasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa mtu aliyeumwa sana baada ya kupigwa au kuanguka. Aliyepona alibaki na kovu, wala halikuwa aibu, bali ushahidi kwamba mwili umejitibu. Ndivyo lilivyo kila kovu: ngozi ikiharibika hata ndani, mwili huziba pengo kwa nyuzi ngumu.

Lakini yako makovu yaletayo hasara. Katika vilima vya Kisii na Nyamira kuna baridi, nao watoto hupenda kukaa karibu na mafiga. Mtoto akianguka motoni, au akimwagikiwa chai, ngozi ya kiganja huweza kupona kwa kujikaza, vidole vikajikunja, naye asiweze kushika kalamu wala jembe.

Dawa ya kwanza ni maji, na nchi hiyo imejaliwa mvua na chemchemi. Mara tu mtoto aunguapo, jeraha limiminiwe maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20. Kisha lifunikwe kwa kitambaa safi, naye apelekwe hospitali. Majivu, unga, mafuta na samadi visitiwe kamwe, kwani huleta uchafu, na kidonda kinachokawia zaidi ya majuma 3 huelekea kuacha kovu baya.

Kidonda kikiisha kufunga, kovu lisuguliwe polepole kwa mafuta kila siku na kukingwa na jua. Vidole vinyooshwe kama mganga anavyoelekeza. Kovu huendelea kulainika kwa mwaka mzima na zaidi. Basi mzazi asikate tamaa. Hata vidole vilivyokwisha kujikunja huweza kufunguliwa kwa upasuaji.

Liko pia kovu liitwalo keloidi, ambalo huvimba na kupita mpaka wa jeraha, hasa sikioni na kifuani. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, wala si laana. Kulikata tu hakufai, maana mara nyingi hurudi likiwa kubwa kuliko kwanza. Madaktari hulipunguza kwa sindano za steroidi.

Kuzuia ni bora kuliko kutibu. Mafiga yakizungushiwa ukuta mfupi, na sufuria ikiwekwa mahali mtoto asipofikia, mkono wake utabaki mzima.