Jeki ya Chupa Inapolazwa Ubavu

Ukitaja jeki ya chupa katika gereji za Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, wengi watadhani gari lako limepata pancha. Wenyewe huiita kriki: inatiwa chini ya ekseli, mkono unapigwa, gurudumu linapanda, basi. Mimi naona huko ni kuidharau. Kwenye trakta kuukuu, jeki hiyo ndiyo mng'oaji bora wa habu, puli na gia zilizoshikana kwa kutu. Mshindani wake pekee ni nyundo, na nyundo ningependa ifungiwe kabatini.

Thamani yake inaonekana zaidi mahali kama Dilolo, mpakani na Angola, mbali na maduka. Reli ya Benguela, inayoanzia Lobito kwenye pwani ya Atlantiki, ilifika mpakani hapo mwaka 1929, ikaunganishwa na reli za Katanga mwaka 1931. Kipuri kizito kilichoshushwa melini kiliweza kuja kwa treni hadi huku ndani. Vita vya Angola viliikata njia hiyo kuanzia 1975, na treni za upande wa pili hazikurudi rasmi Luau, ng'ambo ya mpaka, hadi 2015. Leo fundi wa Dilolo akitaka pula ya kiwandani, kifaa cha kung'olea, anatazama mashariki, kuelekea Kolwezi, zaidi ya kilomita 400. Lakini jeki ya chupa iko nyuma ya kiti cha kila lori linalopita.

Na vyuma vya kung'oa havikosekani. Dilolo na nyanda zake zimelala juu ya mchanga wa Kalahari, mchanga laini unaopenya kila penye sili iliyochakaa. Zikija mvua za Oktoba hadi Aprili, mchanga na maji hukutana ndani ya beringi, na kisichotiwa grisi kinashikana. Enzi za Gavana Moïse Katumbi, kampuni za migodi za Katanga ziliagizwa kila moja ilime hekta 500 za mahindi. Sina ugomvi na agizo hilo. Ila kuagiza watu walime ni rahisi. Sijapata kusikia kiongozi aliyeagiza watu watie grisi.

Tuingie ndani ya jeki yenyewe. Ina pistoni mbili: ndogo ya pampu na kubwa inayosukuma mzigo. Tuseme ndogo ina kipenyo cha milimita 12 na kubwa 48. Kipenyo ni mara nne, kwa hiyo eneo ni mara 16. Mkono nao ni wenzo. Ukiwa na uwiano wa 15 kwa 1, mtu anayekandamiza kwa uzito wa kilo 30 anapata kilo 7,200 upande wa pili, ukiacha zinazopotea kwa msuguano. Malipo yake ni mwendo. Ili pistoni kubwa isogee milimita moja, ndogo lazima iende milimita 16, na kiganja chako kisafiri sentimita 24. Kwa anayebadilisha tairi huo ni uvivu wa jeki. Kwa anayeng'oa habu ni neema, kwa sababu habu iliyoganda kwenye tepa, yaani ncha ya shafti iliyochongoka, haihitaji kusafiri. Inahitaji ile milimita ya kwanza tu.

Kazi ya kuamua mafuta yaende wapi inafanywa na gololi mbili ndogo za chuma. Ukinyanyua mkono, moja inafunguka na mafuta yanaingia kwenye pampu kutoka kwenye tangi. Ukikandamiza, hiyo inaziba na ya pili inaruhusu mafuta yapite chini ya pistoni kubwa. Punje moja ya mchanga chini ya gololi, na jeki ya tani 20 haibebi hata baiskeli.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalofanya watu waseme jeki ya chupa haifanyi kazi ikilazwa. Tangi la mafuta ni ile nafasi inayoizunguka silinda, na tundu la kunyonyea liko chini kwenye kitako, upande wa pampu. Ukiilaza jeki, mafuta yanashukia ubavu wa chini na hewa inapanda ubavu wa juu. Pampu ikiwa juu, tundu linabaki kwenye hewa: mkono unalegea, unapiga na kupiga, pistoni imetulia. Geuza jeki pampu iwe upande wa chini, tundu lizame, na kazi inaanza. Pampu ikielekea chini kabisa, mkono hukosa nafasi, kwa hiyo mafundi huigeuza kidogo kando, ili ibaki chini ya usawa wa mafuta na mkono uweze kucheza. Kizibo cha mafuta kikazwe kabla ya yote. Na usiisimamishe kichwa chini kamwe. Hapo hakuna ujanja wa kuiokoa.

Kusukuma kwa ulalo si ubunifu wa juzi. Meli Great Eastern, kubwa kuliko zote za wakati wake, ilipogoma kuteremka kwenye mto Thames mwishoni mwa 1857, ilisukumwa ubavu kwa mitambo ya maji ya aina hii, mingine ikiwa ya ndugu Tangye wa Birmingham, hadi ikaelea tarehe 31 Januari 1858. Ilichukua karibu miezi mitatu. Anayelalamika kwamba habu imemla asubuhi nzima na akumbuke hilo.

Lakini jeki inasukuma tu; haijui kuvuta. Ujanja wote uko kwenye daraja. Chukua chaneli nene ya chuma, toboa matundu mawili, pitisha stadi mbili ndefu zenye hesi, uzifunge kwenye matundu ya boliti za habu. Jeki inalala katikati: kitako chake kwenye chaneli, kichwa chake kwenye ncha ya shafti. Ikisukuma shafti, chaneli inarudi nyuma na stadi zinaivuta habu. Kati ya kichwa cha jeki na shafti weka kipande cha shaba, ncha isije ikavimba. Lualaba kipande cha shaba hakitafutwi mbali.

Hapa ndipo watu huumia. Stadi ya milimita 20 ya chuma laini huanza kunyumbuka kwenye tani 6 hivi. Mbili ni tani 12. Jeki yako imeandikwa 20, na haitasimama kukuonya kwamba vyuma ulivyovifunga ni dhaifu kuliko yenyewe. Tafuta stadi ngumu zenye alama 8.8, au ujue pa kuishia. Mvuto uwe sawa pande zote mbili, maana mzigo wa upande unapinda pistoni, na pistoni iliyopinda hairudi. Ukifika kwenye ugumu, acha kupiga mkono. Pasha habu moto kwa gesi, mbali na jeki na mafuta yake, igonge kidogo pembeni, subiri. Tepa ikiachia hulia kama bunduki, na kila kitu huruka. Kwa hiyo nati ya shafti usiitoe yote: ilegeze, iache hesi chache, habu iishie hapo badala ya kuishia kifuani kwako.

Wenye haraka hupiga nyundo ya kilo 8. Habu nyingi za trakta ni chuma cha kusubu, ambacho hakipindi, kinapasuka. Kikipasuka, trakta nzima inaanza safari ya vyuma chakavu, inauzwa kwa kilo, na shamba linarudi kwenye jembe la mkono. Mkoa huu unachimba sehemu kubwa ya kobalti ya magari ya umeme ya dunia, halafu unaua trakta kwa kukosa chaneli yenye matundu mawili. Mimi hilo linanikera.

Kero nyingine ni mafuta ya breki. Jeki ikipungukiwa, mtu anamimina ya breki kwa sababu ndiyo yaliyo karibu, nayo yanavimbisha na kuozesha sili za jeki zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya haidroliki. Wiki chache baadaye inavuja na analaumiwa Mchina aliyeitengeneza.

Kazi nyingine ni nyingi: kuchomoa slivu kwenye bloku ya injini ya Perkins, kusukuma pini ya kati ya ekseli ya mbele ya trakta ya Massey Ferguson, ile inayosahauliwa grisi miaka mingi, kutoa kingipini, puli ya krenki, beringi, kunyoosha mkono wa jembe, kukamua karanga ukiwa na fremu imara, kurudisha behewa lililotoka relini kwa zile jeki kubwa. Kazi ikiisha, legeza skrubu ya kuachilia na uirudishe pistoni ndani kabisa. Sehemu inayolala nje usiku wa mvua hupata kutu, na kutu hiyo huikwaruza sili mara ya kwanza pistoni inaporudi.