Alama 3 za Damu, Alama 7 za Uboho

Wagonjwa wawili wa mayelodisplasia, ugonjwa unaoufanya uboho wa mifupa uzalishe seli mbovu za damu, wanaweza kuwa na majibu ya damu yanayolingana, ilhali hatari inayowakabili haikaribiani hata kidogo.

Mwaka 2012 ulichapishwa mfumo wa kukadiria hatari uitwao IPSS-R, uliotokana na kumbukumbu za wagonjwa 7,012. Alama zake za juu kabisa ni 10. Himoglobini ikishuka chini ya gramu 8 kwa desilita, mgonjwa hupata alama 1.5. Chembe sahani zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita, 1. Nyutrofili zikiwa chini ya 800, 0.5. Damu basi imemaliza alama zake: 3 tu. Nyingine 7 zimo ndani ya uboho: 3 za wingi wa seli changa zisizokomaa na 4 za kasoro za kromosomu.

Tuseme wote wawili wana himoglobini 7.5, chembe sahani 90,000 na nyutrofili 1,200. Kila mmoja ana alama 2. Wa kwanza ana seli changa asilimia 2 na kromosomu za kawaida, ambazo huongeza alama 1. Jumla yake ni 3, kundi la hatari ndogo: nusu ya wagonjwa wa kundi hilo waliishi zaidi ya miaka 5.3. Wa pili ana seli changa asilimia 12 na kasoro za kromosomu zaidi ya tatu. Anafika 9. Katika kundi lake, nusu walifariki kabla ya miaka 0.8.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba. Wa kwanza anaweza kusaidiwa kwa kuongezewa damu na dawa za kuchochea chembe nyekundu. Wa pili, afya ikiruhusu, anahitaji kufikiriwa mapema kupandikizwa uboho, tiba pekee inayoweza kuuponya ugonjwa huu.

Picha kamili ya damu ni kipimo rahisi, na mashine huisoma kwa dakika chache. Kromosomu zinadai sindano ya uboho, maabara ya kukuza seli, na mtaalamu wa kuchunguza kwa kawaida seli 20, moja baada ya nyingine. Ndiyo maana hospitali hushawishika kuishia kwenye damu. Lakini anayeishia hapo anakadiria maisha ya mtu kwa alama 3 kati ya 10. Bajeti ya magonjwa ya damu isiyogharimia kipimo cha uboho bado haijakamilika.