Kabla Hujatundika TV Kwenye Ukuta wa Mbao

Mitaani kwetu siku hizi, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni na Likoni, chumba kimoja hukatwa viwili kwa mbao. Kijana kaoa, nyumba ya wazee haina nafasi, basi husimamisha nguzo za mbao mwenyewe, akazifunika kwa jipsamu, na alhamdulillahi chumba kimepatikana. Haupiti muda, inaletwa TV ya inchi 55. Hapo ndipo nataka tuzungumze, kwa sababu chini ya hiyo TV watoto ndipo wanapokaa.

Ukuta wa mawe hausumbui. Wa mbao ni mtupu ndani, na jipsamu ni unga mgumu uliobanwa baina ya karatasi mbili. Ukiifunga breketi kwenye jipsamu peke yake umeifunga kwenye karatasi. Mzigo lazima ubebwe na nguzo.

Kuzitafuta, pitisha sumaku ukutani. Itanasa kwenye vichwa vya skurubu. Jipsamu ina upana wa futi nne, kwa hivyo fundi makini huziweka nguzo kila inchi 16 au 24. Lakini ukuta wa kujijengea usiuamini kwa hesabu. Dunga kwa msumari mwembamba, ujue nguzo inaanzia wapi na kuishia wapi, kisha utoboe katikati yake. Tundu liwe jembamba kuliko skurubu, la sivyo mbao itapasuka. Na kabla ya kutoboa chochote, zima meni swichi: nyaya za soketi hupita humo humo ndani.

Mara nyingi breketi haifiki nguzo mbili. Kata plaiwudi ya milimita 18, ifunge kutoka nguzo hadi nguzo, kisha breketi ikae juu ya plaiwudi. Kama ukuta bado haujafunikwa, una bahati: pigilia mbao ya kulala baina ya nguzo, umemaliza.

Skurubu iingie ndani ya nguzo yenyewe inchi moja na nusu, si zaidi sana. Upande wa pili pengine ni kitanda cha mtu. Chagua zisizoshika kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma. Breketi za mkono wa kuvuta mimi sizipendi kwenye ukuta huu. TV ikivutwa mbele, skurubu za juu hung'olewa polepole, na ukuta wenyewe huanza kutikisika.

Sukuma ukuta kwa bega. Ukicheza, kaza kwanza miguu yake sakafuni na vichwa vyake darini. Gonga nguzo pia. Zikilia kama ngoma, mchwa wameshatangulia. Breketi ikishafungwa, ivute chini kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote kabla TV haijatoka kwenye boksi.