Injini Kubwa kwa Gari la Kale: Beetle katika Vilima vya Merigi

Volkswagen Beetle, gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1962, ni miongoni mwa magari machache ambayo injini yake haishushwi kwa mnyororo kutoka juu bali huingizwa kutoka chini, kwa sababu imekaa nyuma ikiwa imeshikwa na giaboksi peke yake kwa bolti na nati 4. Katika Merigi na vilima vingine vya chai vya Kericho na Bomet, hamu ya kuliwekea injini kubwa zaidi ina sababu ya haki, nayo ni hewa. Mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 18. Hivyo injini ya sentimita za ujazo 1,200, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 34, hubakiwa na 28 hivi, ilhali ile ya 1,600, yenye 50, hubakiwa na 41, ambazo ni nyingi kuliko ile ndogo ilivyoweza kutoa hata Mombasa.

Kwa macho injini hizo ni ndugu, na hapo ndipo wengi hukosea. Katika magari ya zamani yenye umeme wa volti 6, flaiwili, yaani gurudumu zito linalobeba klachi na kuzungushwa na stata, ina meno 109, lakini ya injini ya 1,600 yenye volti 12 ina meno 130 na ni pana zaidi, kwa hiyo ukuta wa ndani wa nyumba ya klachi kwenye giaboksi ya kale hauna budi kusagwa hadi flaiwili izunguke bila kugusa, na stata nayo ibadilishwe pamoja na bushi inayoshika ncha yake.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, kisha mwili wa gari huinuliwa karibu mita moja na kuegeshwa juu ya stendi zilizowekewa mbao pana, maana udongo mwekundu uliolowa mvua humeza chuma chembamba polepole, na chini ya gari lililoinuliwa, kuzama huko ni hatari kwa maisha ya fundi. Injini, yenye kilo 110 hivi, hupandishwa kwa jeki ya magurudumu. Hapa nguvu hazisaidii kitu. Shafti ya giaboksi ina meno membamba ambayo lazima yaingie katikati ya diski ya klachi, na diski hiyo huwa imekwisha kupangwa katikati kwa kipande cha shafti kuukuu. Giaboksi ikiwa kwenye gia, fundi huzungusha puli ya injini kidogo kidogo kwa spana mpaka meno yakubaliane, na injini husogea yenyewe ikagusana na giaboksi pande zote. Nafasi ya upana wa kidole ikibaki, kuivuta kwa kukaza nati ni kosa kubwa, kwani uzito wote huangukia shafti na diski hupinda.

Injini ikishabadilishwa, nambari yake, iliyogongwa chini ya kitako cha jenereta, haitalingana tena na ile iliyo kwenye kitabu cha usajili, na mabadiliko hayo huarifiwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama.

Kinachosahaulika zaidi ni mpira unaozunguka injini. Injini hii hupozwa na feni, wala haina maji, na bati zake pamoja na mpira huo huzuia hewa moto iliyokwisha kutumika chini isirudi juu kwenye feni. Hewa ikiwa tayari ni nyepesi, ufa mdogo tu huweza kuunguza vichwa vya silinda njiani kupanda. Kwa hiyo taa huwashwa ndani ya chumba cha injini jioni, na fundi hulala chini akitazama juu: popote mwanga unapopenya, mpira huondolewa na kupangwa upya.