Kompaila Imeharibu Kitanzi Changu: Kweli au Uongo?

Kitanzi cha C kilichokuwa kikihesabu sawasawa kinawashiwa maboresho ya -O2, ghafla kinatoa takataka au hakimaliziki. Hapo ndipo kauli zinapoanza kurushwa. Nyingi zina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayopoteza watu.

"Kwa -O0 inafanya kazi, kwa -O2 inaharibika, basi kosa ni la kompaila."

Uongo, mara nyingi mno. Kompaila ya GCC 4.8, iliyotoka Machi 2013, ilipokuwa bado inaandaliwa, iliivuruga 464.h264ref, programu ya kubana video iliyomo katika SPEC CPU2006, mkusanyo unaotumika kupimia kasi ya kompyuta. Kiini cha tatizo kilikuwa mstari huu:

for (dd=d[k=0]; k<16; dd=d[++k])

Safu d ina nafasi 16, yaani d[0] hadi d[15]. Fuata mzunguko wa mwisho polepole. k ni 15, kazi ya ndani ya kitanzi imekwisha, ++k inaifanya k kuwa 16, d[16] inasomwa, na baada ya hapo ndipo sharti k<16 linapoulizwa. Thamani iliyosomwa nje ya safu haitumiki popote, ndiyo maana programu iliishi nayo miaka yote bila kuumia.

Lakini kanuni za C zinakataza kusoma huko nje, na kompaila ina ruhusa ya kuchukulia kwamba katazo halivunjwi. Kwa hiyo ikapiga hesabu zake: ikiwa d[++k] imesomwa, k haiwezi kuzidi 15; ikiwa haizidi 15, basi k<16 ni kweli daima; na swali ambalo jibu lake halibadiliki halina haja ya kuulizwa. Sharti likaondolewa, na kitanzi kikazunguka bila mwisho. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuna hatua hata moja hapo iliyovunja kanuni.

Ukali huo, kwa maoni yangu, ulipitiliza. Kumwadhibu mtu kwa thamani ambayo hakuitumia ni sheria bila busara. Watunzi wa GCC waliweka swichi ya kuuzima, -fno-aggressive-loop-optimizations, na katika maelezo ya toleo wakaitaja h264ref kwa jina miongoni mwa programu zinazoweza kuathirika. Uchambuzi wenyewe waliubakiza.

"Kompaila haikosei."

Uongo vilevile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliunda Csmith, chombo kinachotunga programu za C kwa kubahatisha huku kikikwepa makosa yanayokatazwa na lugha. Mwaka 2011 walieleza kwamba ndani ya miaka 3 walikuwa wameripoti hitilafu zaidi ya 325 zilizokuwa hazijulikani. Kila kompaila waliyoijaribu iliwahi kuanguka, na pia iliwahi kutoa kimyakimya msimbo usio sahihi. CompCert, ambayo sehemu yake ya kati imethibitishwa kihisabati, ilitia fora: huko katikati hawakuambulia kosa la aina hiyo.

"Nimeongeza printf, imepona."

Haijapona. Kompaila haioni yaliyomo ndani ya printf, na inalazimika kuiita kwa mpangilio uleule katika kila mzunguko. Kitanzi ambacho kingechakata namba 4 au 8 kwa mpigo sasa kinakwenda moja moja. Umeuzuia uboreshaji, kosa liko palepale. Kubandika volatile huku na kule ni mchezo uleule.

"Swichi ikiponya, mkosaji amepatikana."

Nusu kweli. Ukiongeza -fwrapv na jibu likarudi kuwa sahihi, shuku kwamba namba kamili yenye alama inafurika mahali fulani. Ikiponywa na -fno-strict-aliasing, huenda unaisoma kumbukumbu ileile kwa pointa za aina mbili. Watunzi wa GCC wenyewe wanaomba ujaribu swichi hizi kabla ya kuwaripotia. Zikibadilisha matokeo, anza kuukagua msimbo wako.

Watumiaji wa kompaila ya Clang wana -opt-bisect-limit, inayokatisha maboresho yakifika namba utakayoitaja. Ukigawa nusu kwa nusu, hatua 1,000 zinamalizwa kwa majaribio 10 hivi, na unabaki na jina la hatua moja. Usiishangilie mapema. Hatua hiyo inaweza kuwa imekosea, au imefichua tu kosa lililokuwa limelala kwako.

"UBSan imenyamaza, kwa hiyo niko safi."

Uongo. Kwa kitanzi kile cha h264ref, UBSan, inayowashwa kwa -fsanitize=undefined, ingekwambia papo hapo kwamba faharasa 16 imetoka nje ya safu. Ila inakagua mahali programu inapopita tu, hivyo iendeshe kwa data ileile iliyotoa jibu baya. Na kosa la pointa za aina mbili hailikamati kabisa.

"Huwezi kuripoti bila kujua asembli."

Asembli inasaidia, lakini watunzi wa kompaila wanachohitaji zaidi ni faili fupi. C-Reduce, iliyotoka mikononi mwa watafiti walewale wa Utah, hupewa faili kubwa pamoja na skripti inayojibu kama hitilafu bado ipo, kisha hukata na kukata. Skripti hiyo ipitishe kila toleo lililokatwa kwenye UBSan na maonyo ya -Wall. Usipofanya hivyo, C-Reduce itaipunguza safu ya nafasi 100 iwe ya nafasi 1, itaona -O0 na -O2 bado zinatofautiana, na itakukabidhi faili ya mistari 10 ambayo kosa lake imelizalisha yenyewe.