Msimbo wa Kuunganisha Runinga na Akaunti: Unavyofanya Kazi na Tahadhari Zake

Runinga janja, printa na vifaa vingine visivyo na kibodi huwapa watumiaji usumbufu pale vinapohitaji kuingia katika akaunti za mtandaoni. Kuandika nywila ndefu kwa rimoti, herufi moja baada ya nyingine, huchosha, na nywila hiyo huweza kuonekana na kila aliyeketi sebuleni.

Ili kuondoa adha hiyo, Agosti 2019 taasisi ya kimataifa inayoandaa viwango vya kiufundi vya intaneti, IETF, ilichapisha kiwango kinachojulikana kama RFC 8628. Kwa utaratibu huo, kifaa huiomba seva ya mtoa huduma msimbo mfupi, kisha huuonesha kwenye kioo pamoja na anwani ya tovuti. Mtumiaji hufungua anwani hiyo kwa simu janja au kompyuta yake, huingia katika akaunti, huandika msimbo na kutoa idhini. Wakati huo kifaa huendelea kuiuliza seva, kwa kawaida kila baada ya sekunde 5, iwapo idhini imetolewa. Ikishatolewa, seva hukipatia kifaa kibali cha kidijitali. Nywila yenyewe haikifikii kifaa hicho. Msimbo usiotumika kwa muda uliowekwa huisha nguvu.

Hata hivyo, urahisi huo una hatari yake. Mhalifu anaweza kuanzisha ombi kwenye kifaa chake, kisha kumtumia mtu mwingine msimbo akidai ni wa kujiunga na mkutano wa mtandaoni. Mlengwa huuandika katika tovuti halali, hivyo kukagua anwani pekee hakumkingi. Anapoidhinisha, anayefunguliwa akaunti ni mhalifu. Februari 2025, kampuni ya Microsoft ilitoa taarifa ya mashambulizi ya aina hiyo yaliyoanza Agosti 2024, yakilenga serikali, mashirika yasiyo ya kiserikali na sekta nyingine barani Ulaya, Amerika Kaskazini, Afrika na Mashariki ya Kati.

Kanuni ya msingi ni moja: msimbo uandikwe tu endapo unaonekana kwenye kifaa kilicho mbele ya mtumiaji, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha ombi. Msimbo uliotumwa kwa ujumbe, barua pepe au kutajwa kwa simu usiandikwe. Kabla ya kuidhinisha, mtumiaji asome jina la programu na taarifa ambazo inaomba kuzifikia.

Aliyekwisha kuidhinisha kifaa asichokifahamu anapaswa kufungua mipangilio ya usalama ya akaunti, kukiondoa mara moja na kubadili nywila. Ikiwa ni akaunti ya ofisi, atoe taarifa kwa kitengo cha TEHAMA bila kuchelewa.